Tunawalilia West Ham, na Nzoia Je?

Wasee, wacha niseme kitu ambacho kinaweza kunikosanisha na nusu ya Kitale. Tangu West Ham waanze msimu wa 2025/26 kwa kupigwa, wakamfuta Graham Potter mwezi wa Septemba na kumleta Nuno Espírito Santo, nimesikia watu wazima hapa mjini wakiongea na sauti ya matanga. Kuna fundi wa simu karibu na stage ambaye amebandika ile nembo ya nyundo mbili ukutani. Timu yake ikifungwa, duka halifunguliwi mpaka saa nne. Usimpelekee simu yako imeanguka kwa maji Jumapili, utangoja.

Sina shida na yeye. Mtu hupenda anachopenda. Shida yangu ni kwamba tuko na timu hapa karibu, chini ya saa mbili kwa matatu ukipitia Kiminini na Webuye, ambayo ilishuka daraja kwa ukweli, si kwa hofu tu. Nzoia Sugar ya Bungoma ilitoka ligi kuu mwisho wa msimu wa 2023/24. Mwaka huo sikuona duka hata moja likichelewa kufunguliwa.

Nataka tuongee juu ya hiyo. Na sitaki tuongee vile huwa tunaongea, ati "mpira wa Kenya umekufa" halafu mtu anarudi kwa mkeka wake. Hapana. Tuulize ni nani aliua nini.

Kwanza historia kidogo, na hii inawahusu nyinyi mashabiki wa nyundo. West Ham ilianza 1895 kama timu ya wafanyakazi wa Thames Ironworks, kiwanda cha kuunda meli mashariki mwa London. Hizo nyundo kwa nembo si za urembo, ni za mafundi waliokuwa wakigonga misumari ya chuma kwenye meli. Mwaka wa 1900 timu ikabadilisha jina ikawa West Ham United. Mwaka wa 1912 kiwanda kikafungwa. Kikaisha kabisa. Hakuna meli imetoka hapo tena.

Timu bado iko.

Soma hiyo tena pole pole. Kiwanda kilichoizaa timu kilikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na timu imeshuka ikapanda, ikashuka tena 2003, ikapanda, ikashuka 2011, ikapanda, na 2023 ikachukua kombe la Conference League Ulaya. Hawako peke yao. Arsenal ilianza 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha kule Woolwich. Manchester United ilianza 1878 kama Newton Heath, vijana wa reli. Hizi timu zote zilikuwa za kazini, kama Nzoia tu. Tofauti ni kwamba mahali fulani njiani timu ilitoka mikononi mwa kiwanda ikaingia mikononi mwa mtaa. Kiwanda kilipoanguka, timu haikuwa ndani.

Sasa rudi hapa kwetu uangalie barabara. Webuye kulikuwa na Pan Paper. Kiwanda kikafungwa 2009, na wewe uliyezaliwa juzi hujui hata kwamba Pan Paper ilikuwa na timu ya mpira iliyocheza na wakubwa wa nchi. Muulize mzee yeyote Webuye. Atakaa kimya kidogo kwanza, halafu atakutajia kikosi kuanzia golikipa. Eldoret kulikuwa na Rivatex, kiwanda cha nguo, na timu yao ilikuwa si mchezo. Iko wapi?

Halafu uje kwa sukari, hapo ndipo kidonda kiko. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya 2006. Bingwa, wasee! Msimu wa 2019/20 ikatupwa nje ya ligi kwa kukosa kufika kwa mechi tatu. Haikufungwa uwanjani, ilishindwa kufika. Chemelil Sugar ikashuka msimu huo huo. Kiwanda cha Mumias kikawekwa chini ya mrasimu 2019, na timu ya Mumias Sugar ilishakuwa hadithi kitambo. Ilipofika 2024, Nzoia ikashuka pamoja na Muhoroni Youth, timu ya mji mwingine wa miwa. Ukichora ramani ya hizi timu juu ya ramani ya viwanda vya sukari vya serikali vilivyolemewa na madeni, ni karatasi moja.

Kwa hivyo mtu asiniambie Nzoia ilishuka kwa sababu ya kocha. Msimu wa kabla, 2022/23, Salim Babu akiwa kocha, hao vijana walikaa juu ya jedwali kwa wiki kadhaa. Nzoia Sugar, juu ya Gor, juu ya Ingwe, juu ya Tusker! Nilipiga picha ya jedwali na simu nikaiweka, kwa sababu nilijua kuna siku mtu atabisha. Na si mara ya kwanza. Walivyorudi ligi kuu 2017 na Bernard Mwalala, walikuwa wakisumbua kila mtu. Elvis Rupia alikuwa akifunga mabao kwa jezi ya Nzoia kabla ya kwenda Zambia. Huyo ndiye baadaye akiwa Kenya Police alifunga mabao 27 kwa msimu wa 2022/23 na kuvunja rekodi iliyokaa tangu 1976. Alipita Bungoma. Ungeweza kumuona kutoka kwa nyasi.

Basi nini kilitokea? Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa huku magharibi kwa miezi kadhaa, kwa sababu miwa iliyokuwa mashambani ilikuwa bado changa. Viwanda vikazima mashine. Mwezi uliofuata ligi ikaanza. Sisemi mashine ndizo zilifungwa mabao. Nasema kama timu yako inakula kutoka kwa bomba moja, na hilo bomba limefungwa, na wafanyakazi wa kiwanda wenyewe wako barabarani na matawi wakidai mishahara ya miezi mingi, wewe winga wa kushoto uko nambari ngapi kwa hiyo foleni? Nani atakulipa kabla ya kumlipa mama aliyefanya kazi pale miaka 20? Na kwa haki, hata mimi singekulipa wewe kwanza.

Hiyo ndiyo hatari ya timu kuwa kipengele ndani ya bajeti ya kampuni. Mambo yakiwa mazuri unaonekana mjanja. Yakiwa mabaya, wewe ndiwe kitu cha kwanza kukatwa, na hakuna mtu atakasirika vya kutosha.

Na kuna kejeli moja ambayo hainitoki. Tarehe 1 Juni 2024, sherehe za Madaraka zililetwa Bungoma. Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi ukatengenezwa, rais akaja, gwaride likapita, nchi nzima ikatuona kwa TV. Mwezi huo huo ligi iliisha, na Bungoma ikatoka ligi kuu. Tulipata viti tukapoteza timu ya kuvikalia.

Sasa, najua utaniambia nini. Utaniambia kibandani kuna kiti cha plastiki, kuna soda baridi, kuna skrini tatu na kelele tamu, na unalipa hamsini pekee. Sudi kuna jua na vumbi, mvua ikinyesha kuna matope, na mechi ni saa tisa siku ya kazi. Ni kweli yote. Utaniambia pia kuna watu wanauza mechi. Hiyo nayo ni kweli, na iliumiza zaidi kwa sababu ilikuwa jirani: 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliochezea klabu ya huku magharibi kwa kupanga matokeo. Lakini jiulize kwa nini mtu anauza mechi. Mchezaji ambaye amekaa miezi bila mshahara, na hakuna macho yanayomwangalia isipokuwa ya mbuzi upande wa kona, ni rahisi kumnunua. Mahali kuna watu elfu tano wanaomjua kwa jina, na mama yake anauza mboga kwa soko hilo hilo, hiyo biashara ni ngumu kidogo. Sisemi haiwezekani. Ni ngumu.

Halafu kuna suala la pesa, na hapa nawalenga nyinyi wa mikeka, kwa upendo. Mnakumbuka SportPesa? Ilikuwa jina la ligi yetu. 2017 wakaingia kwa kifua cha Everton. Januari 2018, ushuru ulipopandishwa hadi asilimia 35, wakakata udhamini wote wa hapa nyumbani: ligi, vilabu, ndondi, raga. Jezi ya Everton haikuguswa. Yaani shilingi iliyotoka kwa simu ya kijana wa Chwele, aliyekuwa akiota jackpot, ilikuwa inamlipa winga Liverpool wakati timu za hapa zinatafuta pesa za basi. Siwalaumu kampuni peke yao, biashara ni biashara. Lakini usiniambie hatuna pesa ya mpira. Tuko nayo. Inasafiri tu.

Na timu ya Uingereza ikishuka haianguki kwa mawe. Kule wana pesa wanaziita za parachuti. Ukishuka unalipwa kwa hadi miaka mitatu ili usivunjike miguu. Fundi wangu wa simu anaogopa West Ham wakishuka watakufa. Hawatakufa, kaka. Nottingham Forest walichukua kombe la Ulaya 1979 na 1980, na 2005 wakashuka hadi daraja la tatu. Leo wako wapi? Sunderland walishuka mara mbili mfululizo, 2017 na 2018, na 2025 wakarudi juu. Hawa watu wanazama na maboya. Nzoia ilizama na gunia la sukari shingoni.

Lakini nisidanganye kwamba dawa iko Uingereza pekee. Iko Kisii. Shabana FC ilianzishwa 1980 na mfanyabiashara, Dogo Khan, na jina ni la duka lake la vifaa vya ujenzi. Duka la nyundo na misumari, fikiria! Wangekuwa ndugu wa West Ham. Shabana walishuka 2006 na wakakaa huko chini miaka 17. Watu wa Kisii hawakusema timu ni ya duka. Walisema ni yao. Waliporudi ligi kuu 2023, Gusii Stadium ilijaa mpaka watu wakapanda miti, na hadi leo Tore Bobe wakienda kucheza Nairobi, Nairobi ndiyo inakuwa ugenini kwa wenyeji. Hakuna kiwanda cha sukari nyuma yao. Kuna watu.

Hata AFC Leopards, ambayo nusu ya wajomba zetu wanailaani kila wiki kwa sababu haijachukua ligi tangu 1998, ilishuka 2006 na ikarudi 2009. Iliibebwa na watu. Wengine walikuwa hawana hata nauli ya kurudi nyumbani baada ya mechi, lakini walikuwa pale. Ingwe haiwezi kufa kwa sababu haijawahi kuwa ya bosi mmoja. Kila Mluhya anafikiri ni yake, na ndiyo maana kila Mluhya anaitukana.

Nzoia hatukuwahi kuitukana. Hapo ndipo nimefika kwa hili jambo. Hatukuwahi kukasirika. Tulisema "hiyo ni timu ya kampuni," na tukaiachia kampuni.

Sasa kampuni nayo imebadilika. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30. Nzoia ikaenda kwa West Kenya Sugar. Nilifuata ule mjadala. Watu walipigania miwa, ardhi, mishahara ya nyuma, kazi. Walikuwa na haki, tumbo huja kwanza. Lakini kwa kelele zote hizo sikusikia mtu mmoja akisimama na kuuliza: na timu? Miaka 30 ni mingi. Mtoto anayezaliwa leo Bukembe atakuwa mzee wa timu ya veterani mkataba ukiisha.

Mimi ninauliza. Na sitaki jibu la "mwekezaji atadhamini." Nimechoka na hilo neno. Mwekezaji akitaka kuweka jina lake kwa jezi, karibu, alipe kama mdhamini yeyote. Lakini klabu yenyewe itolewe kwa kampuni isajiliwe kama klabu ya wanachama, Bungoma na Trans-Nzoia, na katiba na uchaguzi na hesabu zinazobandikwa ukutani pale Sudi kila mwisho wa msimu. Hata jina libadilishwe kama ni lazima. "Sugar" liende, "Nzoia" libaki, kwa sababu mto ni wetu sote na hauna mkataba na mtu.

Hesabu ni rahisi. Watu 2,000 kutoka Kitale, Webuye, Kimilili, Chwele na Bungoma, kila mmoja atoe shilingi 50 kwa wiki, ile ile ya kibandani. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa wiki, laki nne kwa mwezi. Haitoshi mishahara ya kikosi kizima na sitakudanganya kwamba inatosha. Lakini ni basi la kwenda Mombasa na mahali pa kulala. SoNy walifukuzwa ligi kwa kukosa kufika mechi tatu tu! Laki nne ingewafikisha.

Kwa nini nasumbuka hivi, na mimi ni wa Kitale, si wa Bungoma? Kwa sababu ya vijana wetu. Hapa tuko na St. Anthony's, Solidarity, shule ambayo nchi nzima inaijua kwa mpira. Kila mwaka kuna kijana anamaliza pale na mguu ambao ungelipiwa kwingine. Zamani angepanda matatu ya mia kadhaa aende kujaribu Bungoma, arudi kulala kwao. Sasa ni Kakamega, na huko foleni ni ndefu, ama ni Nairobi, kilomita karibu 400, mahali hana shangazi wala kitanda. Kuna jamaa tulikuwa tunacheza pamoja uwanja wa Ndura. Kiungo, mguu wa kushoto, akipiga pasi unasikia kama amekuandikia barua. Alijaribu Nairobi miezi minne, akarudi. Leo ana boda Kiminini. Nikimpata stage huwa ananibeba bure, na hatuongei mpira. Tunaongea bei ya mahindi.

Najua kuna mtu atasema nianze mimi. Sawa. Nimeanza. Nimeandika jina langu na hamsini ya kwanza kwa kitabu cha Kasuku, na chini yake kuna majina saba, mawili ya mashabiki wa Arsenal, ambao kwa uvumilivu hawana mpinzani. Ninatafuta mtu wa Bungoma anayejua sheria za kusajili klabu za michezo, na mwingine wa kushika hesabu ambaye hana mjomba kwa siasa. Mechi ikitangazwa Sudi, mimi ninatoka Kitale saa nne asubuhi na matatu ya Webuye. Fundi wa simu nimemuuliza. Amesema atafikiria, inategemea West Ham wanacheza saa ngapi.